Mbuzi wa Kumi na Moja

Jumatatu, 13 Januari. Kakuma.

Daftari hili lilikuwa la kupangia masomo, nimelinyang'anya kazi yake. Nitaandika kwa Kiswahili. Kiingereza ni cha ofisini, na Kidinka changu ni cha kuongea na mama tu, nikikiandika ninakosea kama mtoto wa chekechea.

Ninaitwa Anyieth. Nina miaka thelathini na mmoja, na ishirini na miwili kati ya hiyo nimeila hapa kambini. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari yenye upepo mwingi kuliko vitabu. Hesabu ya leo: madawati thelathini na manne, vioo vizima vya dirisha vitatu, wanafunzi wa kidato cha tatu hamsini na wawili, waliochagua fizikia kumi.

Ninapenda kuhesabu. Mtu aliyekulia kwenye foleni ya mgao huhesabu migongo iliyo mbele yake kabla ya kusalimia. Mama hunicheka, husema hata nikisali nahesabu.

Jumatano, 15 Januari

Naibu mwalimu mkuu, Mwalimu Bichiok, ameniita ofisini. Ni Mturkana wa Kalemng'orok, mtu mpole anayekupa habari mbaya kama anayekuuliza hali ya watoto.

"Madam Anyieth, bodi imeamua. Somo likiwa na wanafunzi chini ya kumi, linafungwa. Orodha nitaituma siku ya kufunga shule, tarehe nne Aprili."

"Mimi ninao kumi, Mwalimu."

"Basi washike vizuri. Nikiandika tisa, fizikia imekwisha. Hao watapelekwa kilimo."

Sina ugomvi na kilimo. Lakini ninaye mwanafunzi mmoja, Akeno, anayetaka kusomea kazi ya eksirei afanye kazi hospitalini Lodwar, na huko bila fizikia humsogelei hata mlinzi wa geti. 

Jumatatu, 20 Januari

Joto. Chaki imekwisha kabla ya saa nne.

Jumatatu, 27 Januari

Leo tumeanza sura ya vitu vidogo vinavyojenga kila kitu. Nilimwaga chumvi kidogo juu ya meza, nikawaambia wachukue punje moja. Punje hiyo imejengwa kwa atomi, na atomi si mwisho wa safari. Katikati yake kuna kiini, na ndani ya kiini kuna protoni zenye chaji chanya na neutroni zisizo na chaji, zinakaribiana sana kwa uzito. Nje ya kiini ziko elektroni, zenye chaji hasi, nyepesi mno: ungehitaji karibu elfu mbili ili zilingane na uzito wa protoni moja. Na protoni yenyewe, ukiichungulia, ina kwaki tatu ndani. Neutroni vilevile. Elektroni hatujapata kitu ndani yake.

Marial, ambaye kwao ni Bor, Sudan Kusini, lakini aliyezaliwa hapa Kakuma na kulelewa na redio za Nairobi, akainua mkono. "Madam, na hiyo kwaki nayo imeundwa na nini? Ama tunashuka tu bila stop?"

"Hapo ndipo ngazi inapoishia kwa sasa."

"Umewahi iona?"

"Hapana. Hakuna aliyeiona kwa macho."

Darasa likacheka. Akeno hakucheka. Yeye hukaa karibu na dirisha, hana maneno mengi, na hutembea saa nzima kila asubuhi kutoka kwao ng'ambo ya mto Tarach. Aliuliza polepole, "Kama hakuna mtu ameona, mnajuaje iko?"

Nikamjibu, "Imeandikwa kitabuni."

Ni jibu la mvivu. Nimekuwa nalo kinywani mchana kutwa kama mchanga kwenye ugali.

Alhamisi, 6 Februari

Vumbi. Kengele ya mchana haikusikika kwa upepo, tukafundisha hadi njaa ilipotuambia saa.

Jumanne, 18 Februari

Jaribio la kwanza. Akeno tisini na moja. Marial thelathini na nane, na mchoro wa mpira wa miguu. Nilimuuliza mpira unahusiana vipi na atomi. "Elektroni ni winga, Madam. Anazunguka nje, hapati mpira." Nilimpa alama moja ya ziada, halafu nikaifuta.

Jumatatu, 3 Machi

Mawingu upande wa Sudan. Wote wanaangalia juu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefundisha somo bora kuliko yote niliyowahi kufundisha. Ngoja niliandike lote kabla halijapoa.

Jumamosi huwa tuna kipindi cha ziada. Baba yake Akeno, Lokol, alikuwa akipitisha mbuzi wake kando ya uwanja kuelekea kisimani. Ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye simu ndogo inayolia kwa sauti ya kutisha na hasira ya papo hapo juu ya pikipiki zinazotisha mifugo yake. Wazo likanijia. Nikamwendea.

"Ejok, Baba Akeno."

"Ejok-nooi, mwalimu. Hawa watoto wanasoma mpaka Jumamosi? Hawachoki?"

Nikamwomba anikopeshe mbuzi kwa nusu saa, wanisaidie kufundisha. Alicheka hadi akakohoa. "Mbuzi inafundisha? Chukua. Lakini wasichokoze." Akaenda kivulini kupiga simu yake.

Nilichora miduara mitatu kwa majivu. Katikati nikalundika mawe, mekundu kumi na moja ya protoni na meusi kumi na mawili ya neutroni. Hicho ndicho kiini cha natri, yaani sodiamu, nusu ya chumvi tunayokula. Mbuzi wakawa elektroni: wawili duara la ndani, wanane duara la pili, mmoja duara la nje. Nikawaambia wasidanganyike na uwanja: kwa kweli jiwe moja lingekuwa zito kuliko lori la mizigo lililojaa, na mbuzi wa nje angekuwa kilomita kumi na zaidi kutoka hapa, na katikati patupu. Meza, chumvi, mimi, wewe, karibu sote ni patupu.

Ili wasichanganyikiwe, niliandika namba kwa chaki ubavuni mwa kila mbuzi. Kisha nikawaambia darasa wahesabu kwa sauti, moja mpaka kumi na moja. Wakahesabu kwa furaha, isipokuwa Akeno. Alisimama ameziba mdomo kwa kiganja.

"Akeno, hesabu!"

"Madam, mimi hapana."

"Hawa ni wa nyumbani kwenu, wewe ndiye ungeongoza. Hesabu."

Akahesabu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alifika kumi na moja.

Mbuzi wa kumi na moja, jike la kahawia lenye sikio moja jeupe na mimba kubwa, hakukubali kukaa duara la nje. Alitoka mbio, akaenda kula karatasi za jikoni. Nisingeweza kupanga vizuri zaidi: natri ndivyo ilivyo, huiachia ile elektroni yake ya nje kwa urahisi, ndiyo maana inashikana na klorini na tunapata chumvi. Marial alijiangusha chini kwa kicheko.

Lokol aliporudi kutoka kivulini aliziona zile namba za chaki. Alizifuta moja moja kwa kiganja chake, akaondoka na mifugo yake bila kuaga. Nilidhani ana haraka.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa nilimsimulia mama somo la mbuzi, nikitarajia acheke. Akaweka kikombe chini.

"Ulihesabu mifugo ya mtu kwa mdomo? Mbele yake?"

"Ni somo, mama."

"Baba yako alikuwa na ng'ombe, na hakuna siku alitaja ni wangapi. Jioni aliwatazama wakiingia, basi. Ukihesabu unakiita kifo kije kuchagua. Hata wewe ulijua hivyo ukiwa mdogo. Ulisahau kwa sababu hapa sisi wenyewe ndio tunahesabiwa."

Namba yangu kwenye kadi ya mgao ninaijua kuliko jina la babu yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua! Ilianza saa kumi alasiri. Tarach ilishuka yote kwa pamoja, ya rangi ya chai ya maziwa, ikibeba miti. Tulisimama barazani tukiitazama, walimu na wanafunzi, tumelowa na kufurahi. Harufu ya udongo wa hapa ukinyeshewa ni kitu kimoja ambacho nisingekubali kukibadilisha kwa chochote.

Ijumaa, 14 Machi

Nilikuwa ubaoni Lokol alipofika mlangoni, miguu matope hadi magotini.

"Akeno. Toka."

Akeno akakusanya vitabu bila kuuliza. Nikamfuata baba yake nje. Alisimama akiangalia pembeni, si usoni kwangu.

"Jana mto imechukua mbuzi. Ile ya sikio nyeupe hakuna. Na mbili zingine hakuna. Ni zile uliandika namba. Ulipatia mto orodha."

"Baba Akeno, nimekosa. Sikujua... hapana, nilijua, nilisahau. Naomba unisamehe."

"Ulilazimisha mtoto yangu ahesabu mali ya baba yake." Hapo ndipo aliponitazama. "Asome Kiingereza. Asome Biblia. Hii yako ya kuhesabu vitu haionekani na vitu iko hai, hapana."

Akeno alipita kando yangu na hakuinua kichwa. Nilirudi darasani nikakuta macho yote yananingoja. Mahali pake dirishani palikuwa wazi, na chini ya dawati alikuwa amesahau kalamu. Nilifundisha sijui nini. Kipindi kilipokwisha nilijifungia stoo ya maabara nikalia, na sioni aibu kukiri. Kwangu ilikuwa mbinu ya kufundisha, kwa Lokol nilimwamuru mtoto amtukane baba yake mbele ya wenzake, naye akatii kwa sababu mimi ni mwalimu.

Bichiok alikuwa amesikia. "Sasa ni tisa," akasema.

Jumamosi, 15 Machi

Nilivuka Tarach asubuhi, maji yakinifika vifundoni. Nilikwenda kuomba msamaha kwa mara ya pili. Lokol alikuwa anatoka, fimbo begani, Akeno nyuma yake na kibuyu cha maji.

"Samahani ni ya mtu," alinikatiza. "Mbuzi haisikii samahani. Mimi natafuta zangu. Ukitaka kuja, kuja. Usiongee."

Kwangu mimi kutoongea ni adhabu kamili, lakini nilikwenda.

Tulitembea mpaka jua la utosi. Mvua ilikuwa imelainisha mchanga, kisha jua likaukausha juu kama ganda la mkate. Mimi niliona mchanga tu, Lokol aliona watu. Aliinama, akagusa kwa kidole, akamwambia Akeno, na Akeno akanieleza kwa sauti ya chini: huyu alikuwa anakimbia. Hapa alichoka. Huyu anachechemea mguu wa nyuma, ni yule dume mdogo. Hapa walisikia harufu ya mifugo mingine, wakageuka. Saa sita tuliwakuta wawili ndani ya kundi la jirani, wazima, wanatafuna. Lokol aliwaita na wakaja.

Nyayo za yule wa sikio jeupe tulizipata peke yake. Zilikuwa za kina kuliko za wengine, kwa sababu ya mimba. Zilishuka hadi ukingo wa mto, zikaingia. Lokol alivuka ng'ambo, akatembea juu na chini muda mrefu. Hazikutoka.

"Amepita," akasema. Akakaa juu ya jiwe, akaondoa kofia.

Nilivunja sharti nikamuuliza alijuaje juzi, katika mvua na giza la mawingu, kwamba ni hao waliokosekana, kama hakuhesabu.

Alinitazama kwa huruma kidogo. "Nikiangalia zizi naona mahali yake. Mahali yake iko, yeye hayuko. Wewe mtu akikosa kwa nyumba yako, unahesabu kwanza?"

Nikafikiria kalamu chini ya dawati la Akeno. Sikuhesabu siku hiyo. Nilimkosa.

Njiani kurudi kichwa kilikuwa kinachemka. Neutroni ilipatikana hivyohivyo! Walipima atomi, wakaona uzito unazidi ule wa protoni zake. Kulikuwa na mahali pa kitu ambacho hawajakutana nacho, wakaanza kukitafuta. Na chembe nyingine zilijulikana kwa nyayo, alama zinazoachwa zikipita. Akeno aliniuliza Januari mnajuaje, na jibu lilikuwa limelala mchangani kwao tangu azaliwe, mimi nikamwambia imeandikwa kitabuni.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeomba kibali cha kutoka kambini kwenda Lodwar. Sababu ya safari: kununua taa. Karani alinitazama mara mbili.

Jumamosi, 22 Machi. Lodwar.

Chuoni tuliwahi kuonyeshwa chombo cha ukungu, kile kinachoonyesha njia za chembe zinapopita, kimevunjika, na mkufunzi akatuambia kwamba vile vifuko vyeupe vya nyuzi vinavyowaka ndani ya karabai za zamani vilitiwa thoriamu. Thoriamu ni madini ambayo viini vyake havitulii. Kila mara kiini kimoja hutema kipande, protoni mbili na neutroni mbili zilizoshikana. Vya siku hizi havina. Kwa hiyo nilihitaji vya zamani.

Nimezunguka maduka tangu asubuhi. Kila mahali sola. Mwisho nikaelekezwa kwa mama mmoja, Aregae, mwenye duka karibu na mto Turkwel. Zamani aliwauzia wavuvi wa upande wa Eliye Springs taa za kuvulia.

"Karabai? Mwanangu, hiyo imekufa zamani. Wewe umeolewa na mzee gani?"

Nilimwambia ni ya shule. Alipanda stuli, akapekua juu ya rafu, akashuka na boksi lililotafunwa na panya kona moja. "Hii ilikaa hapa kabla mtoto yangu wa kwanza hajaota meno. Sasa yeye ni askari." Vifuko vilivyokuwamo nimevifunga kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, na nikaosha mikono vizuri, maana majivu yake si ya kuvuta puani.

Jumanne, 25 Machi. Kakuma.

Kaka yangu Yak, fundi wa pikipiki, amenipa kipande cha mpira wa tyubu na maoni yake. "Yala, unatafuta kitu hakionekani, ndani ya chupa ya achari, na tyubu yangu." Nimelaza chupa pana ya kioo, mdomo wake nimeuziba kwa mpira. Ndani kuna kitambaa kilicholowa spiriti, karatasi nyeusi, na msumari wenye kipande cha kifuko cha karabai nilichokibandika kwa nta. Ukivuta mpira ghafla, hewa ya ndani inatanuka, inapoa, na mvuke unataka kugeuka ukungu. Chembe ikipita hapo huwa inazing'oa elektroni kwenye hewa njia nzima, na ukungu huanzia hapohapo ilipopita. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Nilivuta. Ukungu ukajaa chupa nzima kama jiko la kuni mbichi.

Jumatano, 26 Machi

Hakuna kitu.

Alhamisi, 27 Machi

Hakuna kitu. Mpira umepasuka.

Ijumaa, 28 Machi

Marial amebaki baada ya vipindi kunishikia tochi. Ameniambia anafikiria kuhamia kilimo kabla hajahamishwa. "Si ati naichukia, Madam. Lakini bila Akeno nitakopi nani?" Halafu akasema kweli yake: "Tukifungiwa, yeye ndiye anaumia. Sisi tutapata kitu kingine." Nilimpa tochi ashike vizuri.

Jumatano, 2 Aprili

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa natia spiriti nyingi na kuvuta mpira mbali mno. Leo niliweka matone machache, tukaziba madirisha kwa mablanketi, Marial akamulika kwa ubavuni, nikavuta kidogo tu lakini ghafla.

Mistari. Mifupi, minene, myeupe, imetoka kwenye ncha ya msumari pande zote kama miiba ya mti wa mgunga, na kabla hatujashusha pumzi imefifia. Marial alisema neno ambalo sitaliandika. Nikavuta tena. Tena! Miaka sita nimefundisha vitu hivi na leo ndiyo mara ya kwanza kuviona vikipita.

Kisha nikavuka mto kabla jua halijazama, nikamwambia Lokol hivi: "Kesho njoo shuleni. Nina nyayo ambazo siwezi kuzisoma vizuri. Sitahesabu kitu."

Akaendelea kufunga zizi lake.

Alhamisi, 3 Aprili

Amekuja. Saa nne, simu ikilia mfukoni, Akeno nyuma yake. Bichiok naye aliingia, akasimama ukutani amekunja mikono.

Lokol aliizunguka chupa, akainusa. "Hii ni pombe?"

"Ni spiriti, Baba Akeno. Ya kutengeneza ukungu tu. Tazama hapo penye nyeusi. Zinapita haraka."

Alipiga magoti, akaweka mikono juu ya mapaja, jinsi nilivyomwona akifanya mchangani. Nikavuta mpira. Mistari ikatokea, ikaenda.

"Tena," akaniambia. Nikavuta. "Tena." Nadhani nilivuta mara nyingi sana, na sikuhesabu kwa sababu niliahidi, ingawa vidole vilinisumbua.

Mwisho akaonyesha kwa kidole bila kugusa kioo. "Hii nene ni kitu nzito. Inaenda moja kwa moja, haigeuki, halafu inachoka mara moja. Iko na mzigo."

Sikuwa nimemwambia lolote. Ni kile kipande cha protoni mbili na neutroni mbili, kizito kupita kiasi kwa ulimwengu wa vile vitu, kinagonga kila kitu na kuishiwa nguvu baada ya vidole viwili vya hewa.

"Na ile ingine," akasema.

"Ipi nyingine?"

"Nyembamba. Huoni? Vuta."

Nikavuta. Mimi sikuona. Akeno, aliyekuwa ameinama bega kwa bega na baba yake, akasema, "Ile pale! Kama uzi."

Mara ya tatu nikaiona: mstari mwembamba mno, wa vitone, unayumba huku na huku na kuvuka chupa nzima. Nilikuwa nimeitazama tangu jana bila kuiona.

"Hiyo ni kidogo sana," Lokol akasema. "Kila kitu inaisukuma. Lakini inafika mbali kuliko ile nzito."

"Hiyo ni elektroni," Akeno akanong'ona, akimwelekea baba yake, na akaendelea kwa Kiturkana, kwa haraka, mikono ikichora hewani viini na miduara. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Baba yake alisikiliza mpaka mwisho.

Kisha akanigeukia. "Sasa yenyewe iko wapi?"

"Imeshapita, Baba Akeno. Inabaki njia yake tu. Sisi hatujawahi kuiona, tunaona ilipopita."

"Kama ile yangu ya sikio nyeupe."

"Kama yeye. Nimeumia sana kwa ajili yake."

Aliinuka, akajipangusa magoti. Nilitamani kumwomba, nilitamani kumwambia kesho ni siku ya orodha, lakini niliuma ulimi. Alikwenda hadi mlangoni ndipo akasema.

"Mtoto asome hii. Kufuata nyayo si mbaya, hata babu yake alifanya. Lakini mdomo yako isihesabu kitu yangu tena. Hata moja."

"Sitahesabu."

"Na Akeno ni yangu."

"Ninajua."

Akaenda, nikamsikia nje akimfokea mwenye pikipiki.

Ijumaa, 4 Aprili

Siku ya kufunga. Mvua nyepesi tangu asubuhi, mabati yanaongea.

Bichiok alikuja mlangoni saa tatu na fomu ya bodi na kalamu. Mhuri alikuwa nao mfukoni. Kila mmoja darasani alijua.

"Madam Anyieth. Fizikia kidato cha tatu. Wangapi?"

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Neno moja fupi, na somo limepona. Nilitazama dirishani. Akeno alikuwa mahali pake, kalamu yake ile mkononi, ananitazama bila kupepesa. Hakuwa na hofu ya bodi. Alikuwa ananingoja mimi, na ahadi niliyompa baba yake.

"Wote wapo, Mwalimu," nikasema.

"Fomu inataka namba."

"Ninajua inataka. Ingia uangalie."

Nilidhani atakasirika. Bichiok wa Kalemng'orok, mwenye vyeti viwili na tai, alishusha fomu. Akasimama kizingitini, akapitisha macho darasani polepole, dawati kwa dawati, toka ukutani hadi dirishani, midomo yake imefungwa. Hivyo ndivyo Lokol alivyoniambia hulitazama zizi.

"Hakuna mahali wazi," akasema.

Akaandika, akagonga mhuri juu ya paja lake, akakunja karatasi. "Fizikia inaendelea." Marial akapiga dawati kwa ngumi zote mbili. Nilifurahi hadi nikalazimika kugeukia ubao.

Sikuchungulia alichoandika.